Ndimu Haiui Vijidudu vya Chaza
Vijana wenzangu, mnadhani ukiwakamulia chaza wabichi ndimu, vijidudu vimekufa? Hata kidogo! Wala pilipili, wala pombe. Bakteria aitwaye Vibrio vulnificus huishi kwenye maji ya chumvi yenye joto, kama Ghuba ya Mexico huko Marekani. Mwenye ini zima huenda akaharisha tu. Lakini ini lililoharibiwa na pombe au homa ya ini B halichuji damu vizuri. Bakteria huyo akishaingia kwenye damu, karibu nusu ya wagonjwa hufa, wengine ndani ya siku mbili tu.

Una ugonjwa wa ini? Chaza wapikwe waive. Ukiwa na kidonda, bahari iache kwanza. Ukiona homa na malengelenge miguuni, kimbia hospitali siku hiyo hiyo, umwambie daktari ulikula nini.