Karani Aliyechoka

Somo: Yeremia 45

Popote mnaponisikia asubuhi hii, hapa Kitui mjini, Mutomo, Mwingi au kule Makueni, karibuni tulitafakari Neno la Mungu. Sura tuliyoisoma ina mistari mitano tu, nayo ilitolewa kwa ajili ya karani mmoja aliyechoka.

Karani huyo ni Baruku, mwana wa Neria. Hakuwa nabii wala kuhani. Yeremia alitamka, naye akaandika kwa wino katika gombo. Ilikuwa mwaka wa nne wa mfalme Yehoyakimu, yapata mwaka 605 kabla ya Kristo. Katika kazi hiyo moyo wake ulilegea. Alilalamika kwamba kila siku inamletea huzuni mpya juu ya ile ya jana, na mahali pa kupumzika hapaoni.

Namkumbuka Baruku ninapowafikiria ndugu zetu wafanyao kazi katika magazeti. Gazeti likifika Kitui kutoka Nairobi, sisi husoma habari za siasa na za mpira, kisha tukalikunja. Ni mara chache tunamfikiri aliyeiandika habari, aliyepanga kurasa, aliyesimama penye mtambo wa kuchapa, au dereva aliyelileta.

Watu hao wamepita katika bonde. Gazeti haliishi kwa bei anayolipa msomaji peke yake. Hutegemea sana matangazo ya biashara. Ugonjwa wa korona ulipothibitishwa nchini mwezi wa Machi 2020, biashara zilizorota na matangazo yakapungua ghafla. Mwaka huo Nation Media Group, wachapishaji wa Daily Nation na Taifa Leo, walipunguza mishahara, kisha wakawaachisha kazi baadhi ya wafanyakazi. Kampuni ya Standard, na Mediamax waliokuwa wakichapisha People Daily, nao walipunguza. Baadhi ya wafanyakazi wa Mediamax walikwenda mahakamani kutetea mishahara yao. Korona ilipopungua, shida haikwisha, kwa kuwa wasomaji na matangazo yalikuwa yakihamia kwenye simu. Mwaka 2024 Standard ilitangaza tena kupunguza wafanyakazi.

Aliyeachishwa kazi tunamwona, na tunampa pole. Yule aliyebaki hatumwoni. Anafanya kazi ya watu watatu kwa mshahara uliokatwa. Mwingine ameambiwa aende likizo bila malipo, naye hajui kama ataitwa tena. Na mwandishi wa huku kwetu, anayelipwa kwa kila habari inayochapwa, hana hata mshahara wa kukatwa. Habari zake huachwa tu. Akija nyumbani Jumamosi anacheka na watu, lakini ndani moyo umevunjika.

Mungu alimjibuje Baruku? Kwanza, alimsikia, akamtumia neno lake mwenyewe kwa jina lake. Hakuhesabu uchovu wake kuwa dhambi. Pili, hakumdanganya. Alimwambia wazi kwamba yale aliyoyajenga yeye Mungu anayabomoa, basi Baruku asijitafutie makuu. Baruku alikuwa wa jamaa yenye jina. Seraya ndugu yake alipata cheo kwa mfalme Sedekia. Huenda naye alitazamia cheo. Mungu hakumwahidi cheo. Alimwahidi uhai wake kila mahali atakapokwenda. Ahadi hiyo huonekana ndogo, mpaka siku mtu anapotambua kwamba cheo kimeondoka na yeye angalipo, na Mungu wake yupo naye.

Lakini asije tajiri yeyote akalichukua neno hilo kuwanyamazishia watumishi wake. Mfalme alipewa neno lingine. Katika Yeremia 22, Mungu anamtangazia ole Yehoyakimu kwa kujijengea nyumba kubwa ya mierezi huku akimtumikisha mwenzake bila ujira. Na ni Yehoyakimu huyo huyo aliyelikata gombo la Baruku kwa kisu cha mwandishi, akalitupa motoni. Asiyejali ujira wa mtu, hajali pia kazi ya mikono yake. Kampuni ikiwa haina fedha kweli, na iseme ukweli mapema, na wakubwa waanze kujikata wao.

Na sisi kanisa je? Siku ya harambee twamwita mbele huyu ndugu wa Nairobi, tukingoja atangaze kiasi kikubwa. Tusimwulize atatoa nini; tumwulize ana hali gani. Ukambani twaijua mwethya: kazi ikimshinda mmoja, majirani huja na majembe. Basi karo ya watoto wake na unga wa nyumbani mwake viwe shamba letu mwezi huu.

Nawe uliyechoka, usiubebe mzigo peke yako. Mwambie mke wako, au mume wako, mshahara ulivyo sasa, kabla mwenye nyumba hajabisha hodi. Mlalamikie Mungu, kama Baruku. Kudai haki yako kwa njia ya halali si kukosa imani.

Gombo lilipokwisha kuchomwa, Mungu aliwaficha Yeremia na Baruku wasikamatwe. Kisha karani yule yule aliyekuwa amechoka akashika gombo jingine, akaandika yote upya, na maneno mengi yakaongezwa. Leo tunayasoma. Nyumba ya mierezi ya Yehoyakimu haipo.

Na tuombe. Ee Baba, uliyemsikia Baruku, wasikie wote waliokatwa mishahara na wale wasiojua kesho yao. Wape riziki ya leo na moyo wa kusimama. Uwape waajiri hofu yako, nasi utupe macho ya kumwona jirani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.