Somo la Redio: Kuisoma Motokaa Iliyoungua

Walimu wa madarasa, tafadhalini hakikisheni kwamba kila mwanafunzi ana daftari na kalamu. Somo letu la leo lahusu moto, na motokaa ya zamani inayopendwa na mwenyewe.

Labda mtu atauliza, "Sisi twajifunza kusoma na kuandika. Motokaa iliyoungua yatuhusu nini?" Swali hilo ni zuri, na jibu lake ni hili: moto ukipita huacha alama, na alama hizo zaweza kusomwa kama herufi zinavyosomwa. Mtu azijuaye huokoa mali yake, na pengine huokoa roho za watu. Mtu asiyezijua hutupa kilicho kizima na kubakiza kilicho kibovu.

1. Motokaa tunayoitolea mfano

Tuchukue mfano wa Volkswagen ya zamani, ile yenye mgongo kama wa kobe. Ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1938. Ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, nchini Meksiko, mwezi wa Julai 2003. Kwa muda wote huo zilitengenezwa zaidi ya milioni 21. Huku kwetu Afrika Mashariki wazee wanaikumbuka vizuri. Mashindano makubwa ya motokaa yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika yalianza mwaka 1953, na Volkswagen hiyo ndiyo iliyoshinda mwaka 1954, na tena mwaka 1957. Kwa hiyo si ajabu kwamba hata leo wako watu wanaoitunza kama urithi.

Motokaa hii injini yake iko nyuma, na tangi la petroli liko mbele. Mrija wa petroli wapita katikati, chini ya sakafu, mpaka kwenye injini. Betri imekaa chini ya kiti cha nyuma. Yakumbukeni mambo haya matatu: injini nyuma, tangi mbele, betri chini ya kiti.

2. Kwa nini huungua

Sababu ya kwanza ni mpira wa petroli. Mpira huzeeka kama ngozi. Hukauka, hupasuka, na petroli hudondoka juu ya injini yenye moto. Pengine kibomba kidogo cha shaba kinachoingiza petroli katika kabureta hulegea na kuchomoka.

Sababu ya pili ni betri. Kiti cha nyuma kina springi za chuma, na ndani yake mna nyuzi kavu kama makumbi ya nazi. Ikiwa betri haina kifuniko, na watu wazito wakakaa, springi zaweza kugusa vichwa vya betri. Cheche zikitoka, nyuzi zile huwaka upesi.

Sababu ya tatu ni nyaya za umeme zilizochakaa, hasa pale mtu alipotoa fyuzi na kuweka kipande cha waya mahali pake.

Mpira mpya wa petroli haufiki hata bei ya plagi nne. Lakini mpira huo mmoja waweza kuiteketeza motokaa nzima. Ndiyo maana wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

3. Moto ukiwaka

Simamisha motokaa, zima injini, watoe watu wote, usimame mbali. Usifungue mlango wa injini kwa ghafula, maana hewa ikiingia moto hupanda. Petroli haizimwi kwa maji. Huelea juu ya maji na kusambaa pamoja nayo. Tumia mtungi wa kuzimia moto, au mchanga mkavu.

Jambo moja zaidi. Kiwiliwili cha injini ya Volkswagen hii kilitengenezwa kwa mchanganyiko wa magnesiamu. Madini hayo ni mepesi, nayo yakishika moto huwaka kwa mwanga mweupe unaoumiza macho. Ukiyamwagia maji, moto huruka na kuwa mkali zaidi. Basi ukiona mwanga mweupe wa namna hiyo, rudi nyuma na uwazuie wengine wasisogee. Motokaa hununuliwa, mtu hanunuliwi.

4. Siku ya kwanza baada ya moto

Sasa tuseme kwamba mzee mmoja alirithi motokaa ya namna hii kwa marehemu baba yake. Imeungua upande wa nyuma, moto umezimwa, na hakuna aliyeumia. Fundi kijana amekuja kuitazama. Sikilizeni mazungumzo yao.

FUNDI: Shikamoo mzee. Pole sana kwa msiba huu.

MZEE: Marahaba, mwanangu. Nimekwisha poa. Toa spana zako, tuanze. Mjukuu wangu aolewa mwezi ujao, nami nimemwahidi kwamba atapanda motokaa ya babu yangu mimi na baba yangu mimi.

FUNDI: Mzee, leo hatufungui kitu. Leo twasoma tu.

MZEE: Twasoma nini, nami naona masizi matupu?

FUNDI: Masizi hayo ndiyo maandishi yenyewe. Tukiyafuta kabla ya kuyasoma, hatutajua moto ulianza wapi wala ulifika wapi.

Fundi huyo amesema kweli. Siku ya kwanza kazi ni chache. Ondoa waya wa betri ikiwa wafikika bila hatari. Isukume motokaa mbali na nyumba, kwa sababu moto waweza kufufuka usiku ndani ya viti. Usijaribu kuwasha injini hata kidogo. Usishike masizi kwa mikono mitupu. Mpira na plastiki zikiungua huacha asidi, na baadhi ya mipira huacha asidi kali mno inayopenya ngozi. Vaa glavu. Wala usipulize vumbi la breki na klachi, maana katika magari ya zamani vumbi hilo huwa na asbesto, nayo hudhuru mapafu.

Halafu piga picha kila upande kwa simu ya mkononi, na uandike tarehe katika daftari. Kama una bima, soma karatasi yako. Bima ile ndogo inayotakiwa na sheria hulipa madhara uliyomtendea mtu mwingine. Haikulipi wewe kwa motokaa yako iliyoungua. Bima kubwa yaweza kukulipa, lakini watu wa bima watataka kuiona motokaa kabla hujaigusa.

Tena, andika namba ya chasisi. Katika Volkswagen hii imegongwa juu ya mgongo wa sakafu, chini ya kiti cha nyuma, yaani karibu na ile betri tuliyoitaja. Namba hiyo ndiyo jina la motokaa. Ikiliwa na kutu au ikisuguliwa kwa msasa, utapata taabu kuonyesha kwamba motokaa ni yako.

5. Herufi za moto

Sasa twafika kwenye kiini cha somo. Kila madini huyeyuka kwa joto lake. Kwa hiyo kilichoyeyuka na kisichoyeyuka hutuambia joto lilifika wapi. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni:

Lehemu ya risasi na bati: nyuzi 180 hadi 250 hivi.
Chuma king'aacho kugeuka buluu: karibu nyuzi 300.
Zinki ya kabureta na pampu za zamani: karibu nyuzi 400.
Aluminiamu, madini ya sufuria: karibu nyuzi 660.
Shaba nyekundu: nyuzi 1085.

Tusome pamoja. Ikiwa lehemu imedondoka lakini kabureta imesimama na umbo lake, basi joto la mahali pale lilipita nyuzi 200, lakini halikukaa kwenye 400. Hapo nyaya na mipira yote imekufa, bali vyuma vingi vyaweza kuwa vizima. Ikiwa aluminiamu imetiririka kama uji, basi mabati ya jirani yamejikunja, na nguvu zake haziaminiki tena. Ikiwa rangi imepata masizi tu wala haikuvimba, sehemu hiyo yaweza kuoshwa ikapona.

Moto haukai sawa kila mahali. Upande mmoja waweza kuyeyuka, na hatua moja tu kutoka hapo rangi ikawa nzima. Kwa hiyo soma sehemu moja moja, kuanzia palipoungua sana kwenda palipoungua kidogo.

6. Daftari la nafasi tatu

Piga mistari katika ukurasa, upate nafasi tatu. Ya kwanza iandike KUSAFISHA. Ya pili, KUBADILI. Ya tatu, KUPIMA. Kila kitu unachokitazama, kiandike katika nafasi moja.

Katika KUSAFISHA tia mabati yenye masizi tu, vioo visivyopasuka, na vyuma vizito. Fanya haraka hapa, maana chuma kilichopoteza rangi hushika kutu kwa siku chache tu, na unga wa mtungi wa kuzimia moto ukipata unyevu hula madini. Kwanza uondoe unga kwa brashi kavu, kisha osha kwa maji ya sabuni, suuza, kausha, na upake mafuta au rangi ya kwanza.

Katika KUBADILI tia nyaya zote zilizopitiwa na joto, mipira yote ya petroli, mipira ya breki, na matairi yaliyokuwa karibu na moto. Usiseme, "Huu waonekana mzima." Mpira huungua ndani wakati nje ungali mweusi na mzuri.

Katika KUPIMA tia springi, vyuma vya usukani, boliti za magurudumu na sakafu yenyewe. Hapa tukumbuke kazi ya mhunzi. Mhunzi hulichoma panga, hulizamisha, kisha hulipasha kwa kiasi, ndipo linapokuwa gumu lisilovunjika. Ukilitupa panga hilo katika moto wa kuni usiku kucha, asubuhi lina umbo lile lile, lakini ukali wake haudumu tena. Springi za motokaa ziliimarishwa kwa njia hiyo hiyo. Moto usiopimwa huziondolea nguvu, na macho hayaoni tofauti.

7. Je, itengenezwe au iachwe?

Mzee na fundi wameandika kurasa nne. Sasa mzee auliza.

MZEE: Mwanangu, nyaya tutapata, injini nyingine tutapata. Rangi tutapaka. Je, siku ya arusi haiwezi kutembea polepole, kutoka nyumbani mpaka ukumbini tu?

FUNDI: Mzee, tukipaka rangi itang'aa, na watu watapiga vigelegele. Lakini breki hazijui kwamba leo ni arusi. Tazama nafasi ya tatu. Vitu kumi na viwili havijapimwa.

MZEE: (Anyamaza kidogo.) Basi mwambie bibi arusi atafutiwe gari jingine. Hii naingoje.

Wasikilizaji, uamuzi ule ulikuwa mgumu kwa mzee, kwa sababu ahadi ni deni. Lakini alisoma kilichoandikwa, akakiamini kuliko alichokitamani. Hapo ndipo elimu inapoonekana.

Katika kuamua, tenganisheni thamani mbili. Iko thamani ya sokoni, nayo huhesabiwa kwa fedha. Jumlisha nafasi ya pili na ya tatu, ulinganishe na bei ya motokaa nyingine kama hiyo iliyo nzima. Tena iko thamani ya moyoni, nayo haina bei. Mtu akitaka kutumia fedha nyingi kuliko bei ya sokoni kwa ajili ya urithi wa baba yake, hakuna ubaya, mradi ajue anachokifanya, na fedha za chakula na ada za shule zisiguswe. Bahati njema, Volkswagen hizi zilikuwa nyingi, na vipuri vyake bado vyatengenezwa.

Lakini sakafu na mgongo wa chasisi vikiwa vimejikunja, na paa limeanguka, yafaa kukubali kwamba safari imekwisha. Usukani waweza kutundikwa ukutani. Mlango mzima waweza kumponya mwenzake. Kuipenda motokaa si lazima iwe kuipanda.

Hapo ndipo mwisho wa somo letu.

Maswali ya darasani

1. Betri ya Volkswagen ya zamani iko wapi, na kwa nini ni hatari ikikosa kifuniko?
2. Lehemu imeyeyuka lakini kabureta ni nzima. Joto lilifika wapi?
3. Kwa nini mpira wa breki unaoonekana mzima hubadilishwa?
4. Andika daftari la nafasi tatu kwa ajili ya baiskeli, cherehani au jiko lililoungua nyumbani.

Maneno ya somo: masizi, lehemu, chasisi, kipuri, mhunzi, thamani.

Kwaherini, na mkifika nyumbani itazameni mipira ya petroli.