Kasri la Njoro na Binti Aliyekataa

Leo tumetua Njoro, nje kidogo ya Nakuru, kwenye kasri la Lord Egerton: vyumba 52, kuta za mawe. Nimekuahidi historia, ukumbi wa dansi na kile kinanda kikubwa cha mabomba. Historia tuimalize chapuchapu. Maurice Egerton, wa ukoo wa Tatton kule Cheshire, Uingereza, alizaliwa 1874, akapata leseni ya urubani 1910, akalowea Kenya, akajenga kasri kuanzia 1938 hadi 1954, na 1958 akafariki bila mke wala mtoto. Basi.

Enhe, hapo kwenye “bila mke” ndipo utamu ulipo. Yasemekana alimjengea binti mmoja nyumba, binti akaiita banda la kuku. Akamjengea kasri, akaambiwa ni jumba la makumbusho. Binti huyoo, akaenda zake, na Lord akawapiga wanawake marufuku pale. (Siku hizi kasri hilohilo linakodishwa kwa harusi. Maharusi hawana habari!) Hadithi tamu, lakini hebu tupige hesabu. Mwaka 1938 Egerton ana miaka 64. Jengo linakamilika akiwa na 80. Huo ni uchumba gani? Tena miaka hiyohiyo ya 1930, kule Tatton, alijenga ukumbi mkubwa akaujaza vichwa vya wanyama aliowawinda, na hakuna anayedai ulikuwa wa binti. Kujenga makubwa kulikuwa tabia yake. Mwaka 1939 akaanzisha shule ya kilimo ya kuwafunza vijana wa kizungu, ile ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Egerton. Na kasri lilimalizika hali ya hatari imeshatangazwa tangu Oktoba 1952, Mau Mau wako msituni. Anayeezeka vyumba 52 wakati kama huo haombi posa, msikilizaji. Anatangaza kwamba yeye na wenzake hawaondoki.

Najua kuna anayenung'unika huko: wazee wa Njoro wamesimulia hivyo miaka yote, wewe wa redio ni nani? Sawa. Simulizi ni ushahidi, na sikatai kwamba huenda mwanamke fulani alimkataa. Wanaume hukataliwa kila siku, wala hawajengi kasri. Lakini kukataliwa hakuelezi ardhi ile ilipatikanaje, katika nyanda za juu ambazo sheria ya mkoloni iliwatengea wazungu. Wala hakuelezi jasho la waliochonga mawe yale, jiwe kwa jiwe. Hadithi ya mapenzi inatufanya tumwonee huruma mwenye nyumba, na fundi tunamsahau kabisa. Sasa ukumbi wa dansi, ukiingia tu utaona... aa, fundi mitambo ananipungia mkono. Kinanda hatukukifikia, ukumbi nao tumeishia mlangoni. Taarifa ya habari inafuata.