KABLA YA KUJENGA VYUMBA VYA KUPANGISHA

(Hotuba ya mweka hazina wa tawi mbele ya wanachama)



Nimeombwa niseme juu ya vyumba vya kupangisha, kwa maana wengi wetu tukikaribia kustaafu, fikira zetu huenda huko. Si fikira mbaya. Lakini mimi nilijenga kwa mkopo bila kupiga hesabu sawasawa. Mwaka 2020, ulipoingia ugonjwa wa korona, wapangaji wangu walikosa kazi, wakafunga mizigo wakarudi kwao. Vyumba vikabaki vitupu, na mkopo haukungoja. Wadhamini wangu watatu walilipishwa deni langu. Mmoja wao alikuwa ameweka akiba ile kwa karo ya binti yake. Nimekwisha kumrudishia, lakini hata leo tukikutana langoni, mimi ndiye ninayeinamisha macho.

Basi sikieni hesabu. Tuseme mwanachama ana ploti yake, na akiba ya Shs. 200,000 katika chama cha akiba na mikopo. Vyama vingi humkopesha mtu mara tatu ya akiba yake, yaani Shs. 600,000. Kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka juu ya deni linalobaki, kwa miezi 48, atalipa karibu Shs. 15,800 kila mwezi.

Amejenga vyumba vinane vya mabati, kila kimoja Shs. 3,500 kwa mwezi. Vikijaa vyote, anapokea Shs. 28,000. Aondoe kodi ya serikali: tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya pango lote, kwa anayepokea zaidi ya Shs. 288,000 kwa mwaka. Hiyo ni Shs. 2,100. Aondoe Shs. 3,000 za maji, usafi wa vyoo na matengenezo. Akilipa na mkopo, hubaki na Shs. 7,100.

Hapo ndipo wengi hufunga daftari. Msifunge! Sasa vyumba viwili viwe vitupu, na mpangaji mmoja asilipe. Anapokea Shs. 17,500. Akitoa kodi na matumizi, zimebaki Shs. 13,200, na mkopo unataka 15,800. Hizo Shs. 2,600 zitatoka wapi? Zitatoka katika mshahara. Na sheria ya kazi ya mwaka 2007 hairuhusu mshahara ukatwe zaidi ya theluthi mbili. Ikiwa umekwisha kukatwa mpaka hapo, mzigo utawaangukia wadhamini.

Anayekwenda benki aulize kwanza kama riba yaweza kupanda. Mei 2022 kiwango cha Benki Kuu kilikuwa asilimia 7.5, Februari 2024 kilifika 13. Waliokopa kwa riba inayobadilika waliona malipo yao yakiongezeka, hali pango ni lile lile.

Tena, mtu asipunguze gharama kwa kupunguza msingi. Usiku wa 29 Aprili 2016, wakati wa mvua kubwa, nyumba ya ghorofa ilianguka Huruma, Nairobi, karibu na mto, ikaua watu zaidi ya 40. Mpangaji ni mfanya kazi mwenzetu.

Ndugu zangu, nawasihi mambo matatu. Kabla ya kununua ploti, nendeni ofisi ya ardhi mkahakikishe jina la mwenyewe, na kama ploti ina deni. Kabla ya kukopa, wekeni kando malipo ya miezi sita. Jengeni vyumba vitatu kwanza, vikijilipa ongezeni. Na kabla ya kumwomba mwenzako akudhamini, mwonyeshe hesabu ya vyumba vitupu, si ya vyumba vilivyojaa tu. Akiisha kuiona akakubali, amekubali kwa macho wazi.

Mimi sikuwaonyesha wangu. Ndiyo sababu nimesimama hapa leo.