Mdudu Apitaye Ndani ya Jani la Mchungwa

Jioni hii nataka kusema nanyi juu ya mti ambao katika nchi ya Mbulu na Hanang husimama mara nyingi peke yake karibu na nyumba, nao ni mchungwa, au ndugu zake mdimu na mlimau. Mahindi na maharagwe twayapanda kwa ekari, na kule Basotu ngano hulimwa kwa mashine. Lakini mchungwa wa nyumbani ni mmoja tu au miwili, na mwenyewe aujua kama amjuavyo ng'ombe wake. Kwa hiyo auonapo unaugua hushikwa na hofu upesi, na mwenye hofu huenda kutafuta shoka.

Mtu mmoja wa upande wa Dongobesh alinijia na jani mkononi. Lilikuwa limejikunja, na juu ya uso wake palikuwa na mstari mweupe wa kung'aa, uliozunguka huku na huku mfano wa njia aachayo konokono ukutani. Aliniambia kwamba machipukizi yote ya mti wake yamekuwa hivyo. Mara mbili alikuwa ameyachuma majani mabaya yote na kuyachoma moto, na mara zote mbili mti ulipochipua, majani mapya yaliharibika kuliko yale ya kwanza. Akaniuliza, apige dawa ile aliyoinunua kwa ajili ya mahindi yake, ama aukate mti? Nilimwambia asifanye hili wala lile, nikampa sababu zangu kama nitakavyowapa ninyi sasa.

Mstari ule ni kazi ya kiwavi cha nondo mdogo mno. Akikunjua mbawa zake, upana wake ni kama milimita 4 tu. Rangi yake ni nyeupe ya fedha, na katika ncha ya kila ubawa mna kitone cheusi. Wakulima wengi humwita mdudu wa namna hii kidomozi. Asili yake ni Asia. Mtaalamu mmoja Mwingereza, Stainton, alimwandika vitabuni mwaka 1856 kwa vielelezo vilivyotoka Calcutta katika Bara Hindi, na tangu hapo amefuata michungwa karibu dunia nzima.

Nondo jike huruka wakati wa giza, akataga yai moja moja juu ya jani changa, jani lililo laini bado. Kiwavi kikiangua huingia papo hapo chini ya ngozi ya jani, kikala na kwenda, kikiacha nyuma yake mstari mwembamba wa kinyesi, ndio ule uonekanao mweusi katikati ya njia nyeupe. Hakiwezi kutoka na kuingia jani jingine. Kikiisha kushiba hukunja ukingo wa jani, kikalala humo mpaka kitoke nondo. Tangu yai hata nondo ni kama majuma mawili wakati wa joto, na wakati wa baridi yaweza kufika saba.

Basi shikeni neno hili, maana mengine yote hutoka humo: jani lililokwisha kukomaa mdudu huyu halitaki. Ataka lile changa tu. Yule bwana wa Dongobesh alipoyachuma majani, aliulazimisha mti utoe mengine machanga, akawaandalia nondo karamu ya pili, kisha ya tatu. Tena jani lenye mistari halijafa. Palipobaki kijani pangali pakiutengenezea mti chakula. Mti mkubwa wenye majani tele hauwezi kudhoofishwa na machipukizi machache yaliyojikunja. Haupendezi kwa macho, nakubali, lakini utazaa.

Na ile dawa ya mahindi? Kiwavi kimo chini ya ngozi ya jani, kimejifunika kama mtu ndani ya hema. Dawa nyingi humwagika juu ya hema, na mwenyewe hazimpati. Wanaopatwa ni manyigu wadogo, wadogo hata huwezi kuwaona usipoangalia sana, ambao hutaga mayai yao katika viwavi hivyo na kuviua, pamoja na buibui wanaowinda juu ya matawi. Tena watoto huchuma machungwa ya mti wa nyumbani bila kumwuliza mtu. Jambo hilo peke yake lingetosha kutuzuia.

Kule Florida, katika Marekani, nondo huyu alionekana mwaka 1993, na kwa muda wa kama mwaka mmoja akaenea jimbo zima, nchi ile iishiyo kwa machungwa. Mwaka uliofuata wataalamu wao walikwenda Australia kuchukua nyigu wa namna hiyo, wakamfungulia mashambani. Ikiwa matajiri wale walimtafuta nyigu ng'ambo ya bahari, sisi tulio na wadudu wa kutusaidia bure tusiwamwagie sumu.

Mche mchanga, usiotimiza miaka minne, ni habari nyingine. Huo una majani machache, na karibu yote ni machanga, kwa hiyo waweza kudumaa. Upeni samadi mvua zinapoanza, ili uchipue kwa pamoja na majani yakomae upesi. Msiupe kidogo kidogo mwaka mzima, maana ndivyo mtakavyopata machipukizi yasiyokwisha. Yale yaotayo wima kwa nguvu kutoka shinani, yaondoeni mapema, hayana faida. Ikiwa lazima kupiga dawa, mafuta ya mwarobaini hufaa, nayo hupigwa machipukizi yakiwa bado mafupi, kabla mistari haijaonekana. Mistari ikiwa imekwisha jaa, mmechelewa; ngojeni machipukizi mengine.

Lakini kabla ya kwenda zenu, geuzeni jani mlitazame chini. Mkiona mashimo madogo chini yake, na juu yake vipele, huyo si kidomozi. Ni mdudu mwingine, mfyonza utomvu, apendaye nchi za juu zenye baridi kama zetu, naye aweza kuuambukiza mti ugonjwa usio na dawa. Majani hugeuka manjano kwa mabaka yasiyolingana pande mbili, matunda huwa madogo, ya upande, machungu, nayo hubaki na kijani hata yakiiva. Ajabu ni kwamba vipele hivyo havimtishi mtu, naye hutishwa na mistari ya fedha! Mti wenye dalili hizo mwonyesheni Bwana Shamba, na akithibitisha, hapo ndipo shoka ina kazi, maana ukiachwa utaiambukiza michungwa ya jirani. Wala msichukue vikonyo vyake kwa kubebeshea miche.

Jani la yule bwana niligeuza nikalitazama chini. Lilikuwa safi. Alirudi kwake, akauacha mti na majani yake yaliyojikunja, na shoka akaipeleka kwenye kuni.