MTOTO AJUE SAUTI ZA HERUFI, ASIKARIRI

Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya Kamati ya Elimu mbele ya wanachama wa tawi



Mambo ya mishahara na masaa ya kazi tumekwisha kuyazungumza. Sasa twawaomba mtusikilize kidogo juu ya watoto wetu.

Tangu mwaka 2003 shule za msingi za Serikali hazitozi karo ya masomo, nasi wazazi tulifurahi. Lakini kukaa darasani si kusoma. Wako watoto wa darasa la tatu wasioweza kusoma mstari mmoja wa Kiswahili, na wazazi wao hawana habari, maana nyumbani mtoto hufungua kitabu akausema ukurasa wote bila kukosa.

Ndugu, huenda ameukariri. Funika picha kwa mkono, kisha mwonyeshe neno moja la katikati. Akikwama, bado hajajua kusoma. Vile vile mtoto aweza kuimba "ba be bi bo bu" vizuri sana, lakini ukimwandikia "bo" peke yake huanza wimbo upya toka mwanzo.

Dawa ni kuanza na sauti. Usimwambie kwamba herufi hii yaitwa "em". Afunge midomo atoe mlio wake: mmm. Kisha mwonyeshe a. Aunganishe: m na a, ma. Mara mbili, mama. Halafu mpe k na t, umwandikie maneno ambayo hajapata kuyaona: kata, taka, kamata. Akisoma "kamata" bila kuambiwa, ufunguo ameupata.

Kiswahili chatusaidia, kwa kuwa irabu zake ni tano tu, na kila moja ina sauti ile ile popote iwapo. Herufi zinazoshikana, kama ch, sh, ny na ng', zingoje mpaka zile nyepesi zishikwe. Kiingereza ni kigumu zaidi: herufi 26, sauti zapata 44. Hata hivyo wenyewe hufundisha kwa sauti. Huko England, tangu mwaka 2012, watoto wa miaka mitano na sita hupimwa kwa maneno 40, na 20 kati yake ni ya kubuni, hayana maana yo yote, ili mtu asikariri. Hapa kwetu mpango wa Tusome, ulioenea katika shule za msingi za Serikali tangu mwaka 2015, ulifuata njia hiyo hiyo ya sauti.

Lakini mwalimu mmoja ana watoto wengi. Kwa hivyo twawaomba mambo matatu. Kwanza, dakika kumi kila jioni na mtoto, hata ukiwa umechoka. Pili, asipigwe wala asichekwe akikosa. Arudie sauti polepole. Tatu, wanaojua kusoma wajitolee Jumamosi alasiri katika ofisi ya tawi, bila malipo. Mzazi asiyejua kusoma asione haya. Na aketi pamoja na mwanawe wajifunze.

Mtoto asiyejua kusoma leo ndiye atakayetia kidole gumba kesho katika karatasi asiyoifahamu. Na chama chapata taabu kubwa kumtetea mtu aliyekwisha kuyakubali maneno asiyoyajua.