Vyakula Vinavyosaidiana Kutengeneza Damu



Mwezi wa Aprili mwaka 1498 merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga Mombasa. Katika safari hiyo mabaharia wengi walikuwa wameugua: miguu na mikono ilivimba, na ufizi ukaota hata kufunika meno. Sultani wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa, na wagonjwa wakapona. Baharia mmoja aliyeandika habari za safari ile alidhani waliponywa na hewa njema ya mji. Leo yajulikana kwamba maradhi yale ni kiseyeye, nayo hayaponywi na hewa. Sababu yake ni upungufu wa vitamini C, ambayo imo tele katika machungwa na malimau.

Ndimu na malimau yapatikana pia Kwale, Diani na Msambweni, na vitamini C iliyomo ina kazi nyingine isiyojulikana na wengi. Kazi hiyo ni kusaidia madini ya chuma kuingia mwilini.

Mwili wa mtu mzima una chuma cha gramu 4 hivi tu. Sehemu kubwa imo katika chembe nyekundu za damu, ambazo huchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka katika kila kiungo. Chuma kikipungua, damu nayo hupungua. Mtu huchoka upesi, mtoto hushindwa kufuata masomo yake, na mama mjamzito huwa katika hatari kubwa wakati wa kujifungua.

Chuma kilichomo katika nyama na samaki hupokewa na mwili kwa urahisi. Kile cha kunde, pojo, mchicha na mahindi ni kigumu kupokewa. Kingi hupita tumboni na kutoka bila kufanya kazi. Vitamini C hukigeuza hali yake hata matumbo yaweze kukipokea. Kwa hiyo yafaa ndimu ikamuliwe juu ya kunde zikiwa sahanini, wala si chunguni, kwa maana moto huiharibu vitamini hiyo. Embe, pera au ubuyu ukiliwa pamoja na chakula husaidia vile vile. Chai hufanya kinyume: hukifunga chuma kisipokewe. Basi heri inywewe baada ya kupita saa nzima au zaidi tangu kula.

Vitamini A nayo ina sehemu yake. Watu huijua kwa kulinda macho, lakini husaidia pia mwili kukitumia chuma kilichowekwa akiba. Mwili huitengeneza kutokana na mboga za majani, papai na maembe mabivu, nayo huhitaji mafuta ili ipokewe vizuri. Mama wa Kidigo apikaye mchunga kwa tui la nazi hatafuti utamu peke yake. Tui hilo laifungulia vitamini njia.

Lakini kuna faida gani kujaza mtungi unaovuja? Minyoo ya safura huingia mwilini kwa kupenya ngozi ya miguu mitupu, kisha hukaa matumboni ikinyonya damu kila siku. Katika miaka ya 1980 wataalamu Lani Stephenson na Michael Latham wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, pamoja na wenzao wa Kenya, waliwachunguza watoto wa shule wa Kwale. Watoto waliopewa dawa ya minyoo ya albendazole, mara moja tu, walikua vizuri kuliko wenzao ambao hawakupewa. Malaria na kichocho pia hupunguza damu. Kwa hiyo choo, viatu, chandarua na dawa ya hospitali ni wenzi wa chakula bora.

Mama mjamzito akipewa vidonge vya chuma kliniki, asiviache kwa kuwa anakula mboga, wala asivimeze kwa chai. Tena aviweke mbali na watoto, kwani mtoto akivila vingi vyaweza kumwua.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Ndimu moja juu ya kunde, tui katika mboga, na birika la chai kungoja kidogo: hayo yawezekana leo hii katika nyumba nyingi za Kwale.